Mwongozo kamili: kupata na kufunga miguu mipya ya cherehani, friji, blenda na mashine ya kufulia

Swali la wapi pa kupata miguu mipya ya mpira ya mashine za nyumbani hurudi kila mara, na karibu kila anayeuliza ameshapoteza hela. Alikwenda dukani akaomba "mguu wa Singer" au "mguu wa friji", akajibiwa hakuna. Au alipewa kitu kinachofanana, akakibandika kwa supaglu, na baada ya siku chache kikabaki mezani mashine ilipoinuliwa.

Miguu ipo tele. Shida ni namna ya kuiomba. Mguu wa mpira huchaguliwa kwa vipimo na kwa namna unavyoshika kwenye mashine, na jina la kampuni mara nyingi halisaidii chochote. Ukishajua hayo mawili unaweza kupata mguu wa cherehani kwenye duka la spea za magari, au kumpa fundi viatu akukatie.

Ninazungumzia miguu ya chini, inayogusa meza au sakafu. Ule mguu mdogo unaokandamiza kitambaa chini ya sindano una taratibu zake nyingine kabisa.

## Andaa hivi kwanza

- Rula yenye milimita. Kalipa, kile kipimo chenye taya mbili za kubana kitu, ni bora zaidi, hata ile ya plastiki ya bei ndogo.
- Mguu mmoja wa zamani uliobaki, hata kama umechakaa.
- Bisibisi ya nyota na ya bapa, na spana namba 10, 13 na 17. Kama huna seti, chukua ile ya kurekebisha ambayo mafundi huiita spana malaya.
- Koleo yenye mdomo mrefu.
- Spiriti, kitambaa safi na sabuni ya maji.
- Kisu kikali na kipande cha msasa.
- Pima maji, kwa ajili ya friji na mashine ya kufulia.
- Blanketi au taulo nene la kulazia mashine.
- Karatasi, kalamu na simu ya kupigia picha.
- Mtu wa pili, kama unashughulikia friji au mashine ya kufulia.

## Hatua ya 1: Hakikisha tatizo ni mguu kweli

Watu wengi hununua miguu wakati sakafu ndiyo mbovu. Jaribio ni rahisi: bonyeza kona za mashine moja moja na ujue ipi inacheza. Kisha zungusha mashine nzima robo mzunguko, palepale ilipo, ubonyeze tena.

Kama kona ileile ya mashine bado inacheza, mguu ndio wenye shida. Kama sasa inacheza kona nyingine, upande uleule wa chumba, basi ni sakafu au meza. Hapo usinunue kitu. Sawazisha sakafu, au hamisha mashine.

Mashine ya kufulia inayofunguliwa mlango kwa mbele inahitaji uangalizi wa ziada. Ikiwa ni mpya, au imehamishwa karibuni, na inaruka na kutembea chumbani inapokamua, angalia mgongoni kama bolti za usafiri zimeondolewa. Ni bolti ndefu, kwa kawaida tatu au nne, zinazoshikilia pipa lisitikisike barabarani. Zikiachwa ndani, pipa linapozunguka mtikisiko wote huenda kwenye bodi, na hakuna mguu utakaoizuia mashine kutembea. Zitoe, ziba matundu kwa vifuniko vilivyokuja nazo, na uziweke vizuri, maana utazihitaji siku ya kuhama.

## Hatua ya 2: Chomoa umeme, kisha geuza mashine kwa usalama

Chomoa plagi kwenye soketi. Kuzima swichi pekee hakutoshi, kwa sababu utakuwa unaingiza bisibisi na koleo karibu na mota na nyaya.

Cherehani ya umeme. Toa sindano na bobini, shusha mguu wa kitambaa, kisha ilaze kwa upande wa nyuma juu ya blanketi. Usiipindue kichwa chini ikasimamia sehemu za kupitishia uzi.

Blenda. Ondoa jagi, pindua kitako. Basi.

Jiko la gesi la mezani. Funga mtungi na uondoe regulata kabla ya kuinua jiko. Ukimaliza kazi na kurudisha, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira wa gesi. Povu likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja. Funga mtungi na usiwashe kitu.

Mashine ya kufulia. Hii ina kilo 60 au 70, kwa sababu ndani kuna uzito wa zege. Usiilaze peke yako. Mmoja aiegemeze nyuma kidogo, mwingine aweke kipande imara cha mbao chini ya ukingo wa mbele. Mikono isiingie chini mpaka mbao iwe imekaa.

Friji. Ondoa vitu vizito ndani, funga mlango kwa utepe, iegemeze nyuma kidogo na uikingie mbao vilevile. Epuka kuilaza. Ikilazimu kulazwa, iache isimame saa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili oili irudi kwenye kompresa.

## Hatua ya 3: Tambua mguu unashika vipi

Hapa ndipo wengi hukosea. Angalia tundu au sehemu mguu ulipokuwa, piga picha, kisha ulinganishe na namna hizi.

Wa kuchomeka. Mpira wenye shina na kichwa kilichovimba, kinachopita kwenye tundu la bati au plastiki na kujishika upande wa pili. Blenda nyingi, maikrowevu, na kanyagio za cherehani hutumia huu.

Wa skrubu. Mpira wenye tundu katikati na skrubu inayopita ndani yake. Mzuri una washa, yaani kiduara cha chuma chenye tundu, iliyozamishwa ndani ya mpira ili kichwa cha skrubu kisipasue. Cherehani nyingi za mezani ziko hivi, na majiko mengi ya gesi pia.

Wa bolti. Bolti yenye kitako cha plastiki au mpira, na mara nyingi nati ya kukazia juu yake. Ni wa mashine ya kufulia, friji, na stendi za cherehani za kiwandani.

Wa kofia. Huvalishwa nje ya bomba la chuma, kama kwenye miguu ya stendi ya cherehani au kiti cha fundi.

Wa kubandika. Hauna tundu wala skrubu. Unashikwa na gundi tu.

Ukiona tundu, usibandike juu yake. Mpira wa kubandika hauna kitu cha kuuzuia kuteleza pembeni, na cherehani inavyotetemeka huusogeza kidogo kidogo mpaka unang'oka. Kama mashine ilitengenezewa mguu wa kuchomeka au wa skrubu, rudisha wa aina hiyo.

Cherehani za kukanyaga, kama Butterfly zilizojaa mitaani kwetu, kichwa chake hakina miguu ya mpira kwa sababu kimefungwa kwenye meza kwa bawaba. Ikiyumba, tazama miguu ya chuma ya stendi na bolti za viungio vyake kabla ya kufikiria mpira.

## Hatua ya 4: Pima, na uandike

Chora mguu kwenye karatasi, hata vibaya, na uandike vipimo pembeni. Mchoro wenye namba unamsaidia muuzaji kuliko maelezo marefu.

Kwa kila mguu unahitaji kimo na upana wa chini. Kimo pima kwenye mguu usiochakaa sana, maana ulioshindiliwa miaka mingi umeshapungua. Baada ya hapo:

*Wa kuchomeka:* pima tundu la kwenye mashine, usipime shina la zamani. Mpira uliozeeka husinyaa au kuvimba, lakini tundu halibadiliki. Pima pia unene wa bati au plastiki ukingoni mwa tundu, kwa sababu shingo ya mguu mpya lazima ilingane nao. Shingo ikiwa ndefu mno mguu unacheza. Ikiwa fupi, kichwa hakipiti.

*Wa skrubu:* pima unene wa skrubu, na urefu wake unaoingia ndani ya mashine.

*Wa kofia:* pima upana wa nje wa bomba. Kofia huuzwa kwa milimita au kwa inchi, na inchi 1 ni milimita 25.4.

*Wa bolti:* hapa tulia kidogo. Kuna vipimo viwili, unene wa bolti na umbali kati ya nyuzi zake, yaani ile mistari inayojizungusha. Mafundi wetu huita bolti kwa namba ya spana, na muuzaji anaweza kukuelewa tofauti. "Bolti ya 13" ya fundi ina unene wa milimita 8. Ili kujua nyuzi, weka rula kando ya bolti na upime urefu unaochukuliwa na nyuzi 10:

- Unene milimita 6, spana namba 10: nyuzi 10 ni milimita 10
- Unene milimita 8, spana namba 13: nyuzi 10 ni milimita 12.5
- Unene milimita 10, spana namba 17: nyuzi 10 ni milimita 15
- Inchi 1/4: nyuzi 10 ni karibu milimita 12.7
- Inchi 5/16: nyuzi 10 ni karibu milimita 14
- Inchi 3/8: nyuzi 10 ni karibu milimita 16

Angalia bolti ya milimita 8 na ya inchi 5/16. Unene wake unakaribiana kiasi kwamba hata kalipa inaweza kukudanganya, na ya kwanza huingia mizunguko miwili mitatu kwenye tundu la pili kisha inakwama. Ukilazimisha kwa spana unaharibu nyuzi za mashine yenyewe, na kuzitengeneza upya ni gharama kuliko mguu. Vipimo vya inchi hutokea hasa kwenye mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, zile tunazoletewa na ndugu au kuzikuta kwenye mitumba. Na kama ni hiyo, soma kibandiko cha umeme kabla ya yote: ya volti 120 ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi zetu inaungua.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi yenye mchoro, aina ya mguu, na vipimo visivyopungua vitatu.

## Hatua ya 5: Amua mpira wa aina gani

Mpira wowote haufai popote.

Cherehani hudondosha mafuta. Mpira wa asili unaolowa mafuta ya cherehani huvimba, hulainika, na mwisho huwa kama lami inayonata mezani. Tafuta raba ngumu inayovumilia mafuta, ya jamii inayotumika kwenye oil seal za magari, vile vipira vya kuzuia oili isivuje. Plastiki laini inayong'aa huvumilia mafuta kiasi, lakini inaweza kuacha doa kwenye meza iliyopigwa vanishi.

Jiko la gesi lina joto. Silikoni huvumilia nyuzi joto 200 bila shida, wakati raba ya kawaida hukauka na kupasuka.

Mashine ya kufulia inahitaji mpira mgumu. Watu hupenda kuiwekea mpira laini wakidhani utameza kelele, kumbe mpira laini unaiongezea nafasi ya kuyumba inapokamua.

Mpira wa tairi la zamani ni imara mno na unapatikana kila mahali kwa wanaotengeneza makatambuga. Una kasoro mbili: huacha alama nyeusi kwenye marumaru nyeupe, na ndani unaweza kuwa na waya za chuma zinazokwaruza. Uchague sehemu isiyo na waya, na utumie kwenye sakafu ya saruji.

## Hatua ya 6: Pa kutafuta

Anza na duka la spea za cherehani. Kariakoo yapo, na miji mingi huwa nayo jirani na maduka ya vitambaa na nyuzi. Usiseme jina la mashine kwanza. Sema hivi: "Kaka, natafuta miguu minne ya mpira ya skrubu, kimo milimita 15, upana 22, tundu la skrubu 5." Kisha toa mguu wa zamani na karatasi. Utashangaa jibu linavyobadilika.

Ukikosa, nenda hapa:

Spea za magari. Omba stopa za boneti, yaani vipira ambavyo boneti hukalia inapofungwa, na vipira vya kuzibia matundu ya bodi. Stopa nyingi zina bolti au shina la kuchomeka, na raba yake imetengenezwa kuvumilia joto na mtikisiko. Kwa walio Nairobi, Kirinyaga Road ni mahali pa kuanzia.

Duka la vifaa vya ujenzi. Kofia za miguu ya viti, bolti, nati na washa za kila kipimo.

Duka la dawa au vifaa tiba. Vipira vya chini ya magongo ya kutembelea ni vinene, vina washa ya chuma ndani, na huvalishwa kwenye bomba la milimita 16, 19 au 22. Kwa stendi ya cherehani sijaona kinachovishinda.

Mafundi wa friji na mashine za kufulia. Wana mashine zilizokufa nyuma ya banda. Mguu wa bolti kutoka kwenye mashine iliyokufa ni sawa kabisa na mpya, mradi nyuzi ziko safi.

Kununua mtandaoni kunafaa hasa kwa mguu wa bolti wa plastiki wenye umbo la pekee. Tafuta kwa namba ya modeli, iliyoandikwa kwenye kibandiko: ndani ya friji au mgongoni, kwenye fremu ya mlango wa mashine ya kufulia, na chini au ubavuni mwa cherehani. Linganisha vipimo vya tangazo na karatasi yako. Tangazo lisilo na vipimo, liache.

Nunua minne, hata kama umepoteza mmoja. Mguu mpya kando ya mitatu iliyoshindiliwa utakuwa mrefu kuliko wenzake, na mashine itaendelea kuyumba kwa upande mwingine.

## Hatua ya 7: Ukikosa kabisa, tengeneza

Njia hii ni ya miguu ya skrubu. Nenda kwa fundi viatu ukanunue kipande cha soli ya raba ngumu, unene wa milimita 8 hadi 10.

1. Kata miduara 8 inayolingana. Lowesha kisu kwa maji ya sabuni, kitapita kwenye raba bila kukwama.
2. Minne itoboe tundu dogo la kupita skrubu. Mingine minne itoboe tundu kubwa, la kuingiza kichwa cha skrubu pamoja na washa.
3. Kwaruza nyuso zitakazogusana kwa msasa. Paka gundi ya viatu pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, kisha bandika na ugonge kwa nyundo.
4. Acha hadi kesho yake kabla ya kuwekea uzito.

Tundu kubwa linakaa chini. Washa inakandamiza raba ya juu, na kichwa cha skrubu kinabaki ndani, mbali na meza. Ukitumia kipande kimoja chenye tundu moja, raba ikishashindiliwa kidogo chuma kitaanza kuchora meza yako.

Linganisha kimo cha miguu yote minne kwa kuipanga mezani na kuweka rula juu yake. Uliozidi upunguze kwa msasa.

Kwenye blenda usipunguze kimo kwa namna yoyote. Nyingi huvuta hewa ya kupoza mota kutokea chini, kwenye ule uwazi unaoachwa na miguu. Kipande chembamba cha raba kitaishika vizuri mezani huku mota ikiungua taratibu.

## Hatua ya 8: Funga

Wa kuchomeka: safisha tundu, lowesha kichwa cha mguu kwa maji ya sabuni, sukuma huku ukizungusha. Ukiweza kufika upande wa pili, vuta kwa koleo. Usitumie mafuta, hayakauki na yanakula mpira. Umefaulu ukisikia kichwa kimeruka ndani na mguu ukivutwa hautoki.

Wa skrubu: anza kwa mkono. Skrubu mpya isiwe ndefu kuliko ya zamani kwa kipande kinachoingia ndani. Kwenye cherehani, skrubu iliyozidi inaweza kugusa mtambo wa bobini au kuchuna waya wa mota. Kaza mpaka mpira uanze kubana, ongeza robo mzunguko, acha. Kisha zungusha gurudumu la mkono taratibu mzunguko mzima. Likikwama au kugonga, toa skrubu hiyo mara moja.

Wa bolti: unapaswa kuingia kwa vidole mpaka mwisho. Usikaze nati kwa sasa.

Wa kubandika: futa kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, subiri pakauke, bandika, kandamiza nusu dakika. Usiweke uzito kwa saa 24. Kitako kilicholowa mafuta ya cherehani kwa miaka kinahitaji kufutwa zaidi ya mara moja, kwani mafuta huendelea kutoka kwenye vinyweleo vya rangi.

Usisahau kanyagio la cherehani ya umeme. Lina vipira vyake vidogo chini, na vikipotea linakimbia kwenye marumaru kila ukikanyaga, unalifuata kwa mguu, mshono unakwenda kwa kushtuka. Vipira vya kuchomeka vyenye kimo cha milimita 5 au 6 vinatosha. Hakikisha havizibi matundu ya hewa yaliyo chini yake, kwa sababu baadhi ya kanyagio hupata moto.

## Hatua ya 9: Sawazisha

Kata vipande vinne vya karatasi ya kawaida. Weka kimoja chini ya kila mguu, kisha vuta kimoja kimoja. Vyote vinapaswa kukataa kutoka. Kinachoteleza kinakuonyesha mguu usiobeba uzito.

Kwenye cherehani, kagua kama kuna mguu mmoja wa kona unaozungushwa, baadhi ya mashine zinao. Ushushe mpaka karatasi ibane. Kama hakuna, weka washa nyembamba kati ya mpira na mashine, kamwe si chini ya mpira.

Kwenye mashine ya kufulia, weka pima maji juu, kushoto kulia kisha mbele nyuma. Rekebisha miguu, na iache mifupi kadiri inavyowezekana, maana bolti ndefu iliyochomoza hupinda na kutikisika. Ikishakaa sawa, kaza nati ya kila mguu kuelekea juu, ibane kwenye bodi. Nati hii ndiyo watu huiruka. Bila hiyo, mtikisiko wa kukamua huuzungusha mguu wenyewe, na baada ya nguo za wiki mbili tatu mashine inarudi kuyumba kama mwanzo.

Friji isawazishe kushoto na kulia, lakini mbele iwe juu kidogo sana kuliko nyuma. Fungua mlango nusu na uuachie. Ukijifunga wenyewe taratibu mpaka raba ikagusa bodi, umepatia. Ukibaki wazi au kufunguka zaidi, ongeza miguu ya mbele mzunguko mmoja na ujaribu tena.

Rudia jaribio la karatasi baada ya wiki moja ya matumizi. Raba mpya hushuka kidogo inapozoea uzito, na skrubu zinaweza kuhitaji robo mzunguko mwingine. Ile karatasi ya vipimo ibandike kwa utepe chini ya cherehani au mgongoni mwa friji, mbali na matundu ya hewa.